Ngome Isiyo na Tarumbeta: Uhakiki wa Kantata ya Bach ya Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa

1.0 Utangulizi

Kantata ya Johann Sebastian Bach iitwayo Ein feste Burg ist unser Gott, ambayo ni ya 80 katika orodha ya kazi zake ijulikanayo kwa kifupi kama BWV, iliandaliwa kwa ajili ya Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, inayoadhimishwa na Walutheri tarehe 31 Oktoba. Jina lake limetokana na wimbo wa Martin Luther wenye beti nne, uliojengwa juu ya Zaburi ya 46, ambamo Mungu anafananishwa na ngome imara. Kantata, kwa maana inayotumika hapa, ni utungo wa sauti na ala wenye sehemu kadhaa, uliopangwa kuimbwa ibadani sambamba na masomo na mahubiri ya siku husika.

Kwa zaidi ya karne moja wasikilizaji wengi waliifahamu kantata hii kwa mlio wa tarumbeta tatu na ngoma za timpani. Ala hizo ndizo zilizoipa sura ya shangwe na ushindi, na kuwafanya wahakiki waitaje kuwa mfano bora wa muziki wa sikukuu wa enzi ya Baroko. Hata hivyo, nakala muhimu zaidi ya kantata nzima iliyotufikia haina tarumbeta wala timpani. Ala hizo ziliongezwa na mwanawe, Wilhelm Friedemann Bach, baada ya baba yake kufariki mwaka 1750.

Jambo hili linaibua swali la kihakiki lililo pana kuliko suala la ala peke yake. Ikiwa tarumbeta si sehemu ya kazi ya Bach mwenyewe, je, sherehe ya kantata hii iko wapi? Dai la msingi la uhakiki huu ni kwamba sherehe hiyo imo katika ujenzi wa kazi, yaani katika namna mahadhi ya wimbo yanavyowazunguka waimbaji, na katika safari ya taswira ya ngome kutoka nje ya mwanadamu hadi ndani ya moyo wake. Tarumbeta zilizoongezwa ziliifunika safari hiyo na kuibadilisha tafakuri kuwa gwaride. Ili kulithibitisha dai hili, uhakiki unaanza na asili ya kazi, kisha unachunguza chanzo cha tarumbeta, na hatimaye unachambua fani na maudhui ya sehemu zake nane.

2.0 Asili ya Kantata: Kutoka Kwaresima hadi Sikukuu

Kantata hii ya sikukuu ilizaliwa katika majira ya toba. Mwezi Machi 1714 Bach alipandishwa cheo katika kasri ya Weimar, na miongoni mwa majukumu yake mapya ilikuwa kutunga kantata moja kila mwezi. Mshairi wa kasri hiyo, Salomo Franck, alichapisha mwaka 1715 mkusanyiko wa maandiko ya kantata za mwaka mzima wa kanisa. Humo mlikuwamo matini ya Jumapili ya tatu ya Kwaresima, iliyoanza kwa kutamka kwamba kila kilichozaliwa na Mungu kimeteuliwa kwa ushindi. Bach aliitungia muziki. Muziki huo wa awali, unaotambulika kama BWV 80a, umepotea, lakini maneno yake yamesalia.

Injili iliyosomwa Jumapili hiyo ni ya Luka sura ya 11, kuanzia aya ya 14 hadi ya 28. Humo Yesu anamtoa pepo bubu, kisha anasimulia habari za mtu mwenye nguvu anayelinda nyumba yake kwa silaha mpaka anapofika aliye na nguvu kumzidi. Anasimulia pia habari za pepo mchafu anayeirudia nyumba aliyotoka na kuikuta imefagiwa. Taswira inayotawala masomo hayo ni ya nyumba na anayeimiliki. Franck alitunga matini yake akiwa na taswira hiyo mbele yake, na bila kuitambua ni vigumu kueleza kwa nini kantata inayohusu ngome inazungumzia kwa urefu nyumba ya moyo.

Bach alipohamia Leipzig mwaka 1723, alikuta utaratibu uliomnyima nafasi ya kuitumia kazi hiyo kama ilivyokuwa. Katika jumapili nyingi za Kwaresima, makanisa ya mji huo hayakuruhusu kantata zenye ala ibadani. Kazi iliyotungwa kwa Jumapili ya tatu ya Kwaresima ilikosa siku yake. Bach aliitafutia siku nyingine, nayo ikawa Sikukuu ya Matengenezo. Daraja la kuvukia lilikuwapo tayari, kwani ubeti wa pili wa wimbo wa Luther ndio uliofunga matini ya Weimar. Aidha, wataalamu wengi wanakubaliana kwamba katika aria ya kwanza ya Weimar mahadhi ya wimbo huo yalisikika kupitia ala peke yake, pasipo maneno.

Mabadiliko hayakufanyika mara moja. Vipande vya hati vilivyosalia vinaonesha hatua ya kati ambapo kantata ilianza kwa ubeti wa kwanza ulioimbwa kwa sauti nne kwa mtindo sahili. Baadaye Bach aliuondoa mwanzo huo na kuweka kwaya kubwa yenye mizani 228. Hivyo, kazi tuliyo nayo ni jengo lililojengwa kwa awamu. Vyumba vyake vya ndani ni vya Weimar na vya Kwaresima, ilhali lango lake ni la Leipzig na la sikukuu. Mhakiki anayetaka kuielewa hana budi kupita kote kuwili.

3.0 Aliyeleta Tarumbeta

Hati ya mkono wa Bach yenye kantata nzima katika umbo lake la mwisho haikusalia. Chanzo kinachotegemewa zaidi ni nakala ya Johann Christoph Altnickol, mwanafunzi wa Bach ambaye baadaye alikuwa mkwewe. Katika nakala hiyo okestra ina obo (ala ya jamii ya zumari), fidla na ndugu zake, na ala za besi pamoja na kinanda cha kanisa. Tarumbeta hazimo.

Tarumbeta zimetoka katika kazi tofauti. Wilhelm Friedemann alizichukua sehemu mbili tu za kantata ya baba yake, ya kwanza na ya tano. Aliziondolea maneno ya Kijerumani na kuziwekea maneno ya Kilatini. Ya kwanza iliwaita mataifa yote wafurahi, na ya pili ilitangaza kwamba neno la Bwana litadumu. Kwa maneno hayo ya furaha ya jumla, aliongeza tarumbeta tatu na timpani. Uamuzi wake ulikuwa na mantiki ya ndani, kwa kuwa maneno yalidai shangwe na ala zikaitoa.

Tatizo lilianza pale wahariri walipoziunganisha kazi hizo mbili. Toleo kubwa la Chama cha Bach cha Ujerumani, katika juzuu ya 18 iliyotoka mwaka 1870, lilizichapisha tarumbeta za mwana pamoja na maneno ya Kijerumani ya baba. Hivyo ilizaliwa kazi ya tatu, ambayo baba hakuiandika na mwana hakuikusudia. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyoimbwa na kuhakikiwa kwa miongo mingi, hadi uhariri wa kihakiki wa karne ya 20 ulipozitenganisha tena.

Suala hili halihusu usahihi wa nyaraka pekee. Karne ya 19 ilikuwa tayari imeupa wimbo wa Luther maana ya kisiasa. Mshairi Heinrich Heine aliufananisha na wimbo wa mapinduzi wa Wafaransa, akiuita Marseillaise ya Matengenezo. Katika vita vya Ujerumani vya wakati huo, na hata mwaka 1914, wimbo uliimbwa kama wimbo wa taifa linalopigana. Msikilizaji aliyelelewa katika mazingira hayo alizisikia tarumbeta za kantata kama tarumbeta za jeshi, na adui wa wimbo akampa sura ya jirani yake. Ikiwa tarumbeta ndizo sherehe yenyewe, usomaji huo ni vigumu kuupinga. Ikiwa sherehe iko mahali pengine, usomaji huo unapoteza msingi wake.

4.0 Uchambuzi wa Fani na Maudhui

4.1 Kwaya ya Ufunguzi: Mahadhi kama Kuta

Sehemu ya kwanza ni kwaya ya sauti nne. Kila mshororo wa ubeti wa kwanza unachukuliwa na sauti moja, ukafuatwa na sauti nyingine kwa mpokezano wa kifuga, ambapo wazo moja la muziki hupita kutoka sauti hadi sauti huku zilizotangulia zikiendelea. Fidla hazina hoja yake zenyewe, bali zinaandamana na waimbaji. Iwapo uchambuzi ungekomea hapo, kwaya hii ingekuwa mfano mzuri wa ufundi wa kale wa sauti nyingi na si zaidi.

Lililo la pekee linatokea juu na chini ya waimbaji. Kila mshororo unapokaribia ukomo wake, obo zinaupiga juu kabisa kwa noti ndefu, mahadhi yakiwa katika umbo lake la wazi. Muda mfupi baadaye besi ya kinanda na ala nzito za chini zinayarudia mahadhi hayohayo, noti kwa noti, kwa mtindo wa kanoni. Waimbaji wanabaki katikati. Juu yao kuna wimbo, na chini yao kuna wimbo uleule. Sauti zao zinakimbizana na kugongana, lakini haziwezi kutoka nje ya mipaka hiyo miwili.

Uhakiki huu unaichukulia kanoni hiyo kuwa ndiyo ngome. Bach hakuiigiza ngome kwa kelele za mizinga, bali aliijenga kwa paa na msingi na kuwaweka watu ndani yake. Inafaa kuzingatia pia kwamba paa na msingi havina maneno. Maneno yamo vinywani mwa waliohifadhiwa, ilhali kinachowahifadhi kinasikika bila kujieleza. Uwiano kati ya juu na chini ndio roho ya ujenzi huu. Tarumbeta inapoongezwa kwenye mahadhi ya juu, uwiano huo unavunjika. Sikio linavutwa juu na msingi unafifia, hata msikilizaji asiye na hati ya muziki mkononi aweza kumaliza kwaya nzima bila kugundua kwamba besi ilikuwa ikiimba wimbo uleule.

4.2 Adui Asiye na Taifa na Nyumba ya Moyo

Sehemu ya pili inawakutanisha waimbaji wawili. Besi anaimba maneno ya Franck kuhusu ushindi wa waliozaliwa na Mungu, kwa mikimbio ya sauti yenye nguvu. Soprano, akifuatana na obo, anaimba ubeti wa pili wa Luther unaokiri kwamba kwa nguvu zetu wenyewe tungepotea upesi. Fidla zote zinapiga kwa umoja mapigo ya haraka yenye hali ya vita. Matini hizi mbili, zikisikika kwa wakati mmoja, zinasahihishana. Anayejivunia ushindi anaambiwa papo hapo kwamba ushindi si wake.

Baada ya hapo kantata inageuka kwa namna isiyotarajiwa katika siku ya sikukuu. Katika resitativu ya tatu, besi anamsihi mwana wa Mungu autafakari upendo uliomkomboa, wala asimpe Shetani nafasi moyoni na kuufanya moyo huo jangwa. Aria ya nne ni ya soprano na ala za besi tu, ikiwa miongoni mwa sehemu zenye ala chache zaidi. Mwimbaji anamwalika Yesu aingie katika nyumba ya moyo wake, aufukuze ulimwengu na Shetani, na kuiangaza upya sura yake humo ndani.

Hapa asili ya Kwaresima inajidhihirisha. Nyumba ya moyo ni nyumba ileile ya Luka sura ya 11. Kinachotokea ni mgeuko mkubwa wa taswira. Katika sehemu ya kwanza Mungu ndiye jengo na mwanadamu ndiye aliyemo. Katika sehemu ya nne mwanadamu ndiye jengo na Mungu ndiye anayeombwa kuingia. Aliyehifadhiwa anageuka kuwa mwenyeji. Zaidi ya hayo, adui anayefukuzwa hayuko ng'ambo ya mpaka wowote wa nchi. Anatajwa kuwa Shetani, ulimwengu na dhambi, na uwanja wa vita ni kifua cha anayeimba. Masomo ya siku ya Matengenezo, likiwemo la Ufunuo sura ya 14 linalotangaza anguko la Babeli, yangeweza kumpa mtunzi ruhusa ya kumtaja adui wa kibinadamu. Matini ya kantata haimtaji hata mmoja.

4.3 Ubeti wa Tatu: Nguvu ya Neno Dogo

Sehemu ya tano ni ya pili kati ya zile alizozichukua Wilhelm Friedemann, na ndiyo inayolithibitisha dai la uhakiki huu kwa uwazi zaidi. Ubeti wa tatu wa Luther unauchora ulimwengu uliojaa mashetani wanaotaka kuwameza waamini, kisha unasema kwamba mkuu wa ulimwengu huo aweza kuangushwa na neno dogo tu. Okestra inazunguka kwa mapigo ya sita kwa nane, ikiruka na kurudi bila kutulia. Katikati ya msukosuko huo waimbaji wote wanaimba mahadhi mamoja kwa umoja, kila sauti katika kimo chake, pasipo fuga wala kanoni. Hakuna mahali pengine katika kantata ambapo kwaya nzima inafanya hivyo.

Chaguo hilo ni la kimaudhui. Mtunzi aliyekuwa na uwezo wa kuandika kwaya ya ufunguzi hakukosa mbinu alipofika hapa. Aliziweka mbinu kando, kwa sababu matini inazungumzia udogo unaoshinda wingi. Okestra ndiyo yenye wingi, na kwaya ndiyo yenye neno moja. Tarumbeta na timpani zinapoingia, mgawanyo huo wa majukumu unavurugika. Kundi la ala lililokuwa likiuchora ulimwengu uliojaa mashetani linaanza kusikika kama bendi ya washindi. Neno dogo linapata wasaidizi ambao matini yenyewe inakana kwamba linawahitaji. Kwa maneno ya Kilatini ya Wilhelm Friedemann, yasiyo na mashetani wala udogo, nyongeza hiyo haikuwa na kasoro. Kwa maneno ya Luther, inapingana nayo.

4.4 Kutoka Bendera hadi Kimya

Resitativu ya sita, ya tenori, inamtaka mwamini asimame chini ya bendera ya Kristo iliyotiwa damu. Hii ndiyo sehemu yenye lugha ya kijeshi zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi kwa upande wa matini, kwa kuwa inarudia kwa maneno mengi lile ambalo aria ya pili ilikwisha kulisema kwa ufupi. Hata hivyo, nafasi yake ina maana. Baada ya bendera haufuati mlio wa vita, bali wimbo wa upole wa sauti mbili.

Sehemu ya saba inawaweka alto na tenori pamoja na fidla moja na obo ya sauti nzito. Maneno yake yanawaita heri wale wanaomchukua Mungu vinywani mwao, kisha yanasema kwamba wenye heri zaidi ni moyo unaomchukua kwa imani, kwa maana moyo huo hautashindwa na mwishowe utavikwa taji utakapokiua kifo. Sasa taswira imekamilisha mzunguko wake. Ngome iliyomhifadhi mwanadamu, kisha ikawa mgeni katika nyumba yake, sasa inachukuliwa naye popote aendapo. Kantata inafungwa kwa ubeti wa nne kwa sauti nne sahili. Ubeti huo unakubali kupoteza mwili, mali, heshima, mtoto na mke, ukibakiza ufalme peke yake. Ni mwisho wa watu walionyang'anywa kila kitu na bado wanaimba. Kuuita mwisho wa majigambo ni kutousoma.

5.0 Hoja Kinzani

Hoja mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba ufunguo wa D wa kwaya ya kwanza ni ufunguo wa kawaida wa tarumbeta za wakati huo, na kwamba Wilhelm Friedemann, aliyefunzwa na baba yake, alifahamu desturi za nyumbani kuliko mhakiki yeyote wa leo. Hoja hii ina uzito, lakini inathibitisha tu kwamba tarumbeta ziliwezekana. Bach alijua namna ya kuiadhimisha siku hii kwa ala za shaba alipotaka. Kantata yake ya Matengenezo ya mwaka 1725, BWV 79, ina baragumu mbili na timpani, nazo zimefumwa katika hoja ya muziki tangu mwanzo. Kutokuwepo kwa ala za namna hiyo katika BWV 80 hakuwezi kuelezwa kwa kudai kwamba siku hiyo haikuziruhusu.

Hoja ya pili ni kwamba mapokezi nayo ni sehemu ya uhai wa kazi, na kwamba vizazi vilivyoipenda kantata yenye tarumbeta havikukosea. Uhakiki huu haukanushi uhalali wa furaha yao. Unachodai ni kwamba kazi iliyounganishwa na wahariri ihakikiwe kwa jina lake, isitumiwe kuwa ushahidi wa namna Bach alivyoifasiri sikukuu.

Ni haki pia kukiri kwamba mshono kati ya Weimar na Leipzig unasikika. Baada ya kwaya ya ufunguzi, sehemu za ndani zaweza kuonekana nyembamba mno, na msikilizaji anayetafuta ukubwa wa aina moja atahisi amepungukiwa. Lakini wembamba huo ndio unaoipa aria ya nne ukweli wake. Mtu hufungua mlango wa nyumba yake akiwa peke yake.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba kantata ya Ein feste Burg ni kazi ya sikukuu iliyojengwa juu ya msingi wa toba, na kwamba sherehe yake imo katika ujenzi wa kanoni inayowazunguka waimbaji, katika kwaya inayojinyima ufundi ili neno dogo lisikike, na katika taswira inayosafiri kutoka ngome hadi moyo. Tarumbeta zilizoongezwa kwa maneno mengine zilipounganishwa na maneno haya, ziliipa kazi mng'aro na kuipunguzia maana.

Matokeo haya yanamhusu pia msomaji wa Kiswahili. Misheni ya Leipzig, iliyotoka katika mji uleule Bach alikofanyia kazi, ilianza shughuli zake Kilimanjaro mwaka 1893, na leo wimbo wa Luther unaimbwa kwa Kiswahili katika makanisa ya Kilutheri ya Tanzania. Neno ngome katika lugha yetu lina historia yake. Kwa mkazi wa Mombasa au Unguja linaleta kwanza picha ya kuta zilizojengwa na watawala waliotoka ng'ambo. Mwimbaji wa leo anapolitamka neno hilo ana haki ya kuuliza ni ngome ya nani, na ni nani aliyeachwa nje. Kantata ya Bach, ikisomwa bila tarumbeta, inampa jibu lisilomtaka amtafute adui miongoni mwa majirani zake. Ngome inayoimbwa humo haina lango la kumfungia mtu nje. Mlango wake pekee ni ule wa moyo, na anayeubisha ni mgeni anayengoja kukaribishwa.